Nzi Mweupe na Lori la Bwana Shamba

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, siku ya mkutano mkuu wa mwaka wa chama chetu)



Katibu wetu aliponiandikia barua alinitaka nizungumze juu ya mafanikio katika utumishi wa umma. Nilimjibu kwamba mafanikio yangu hayajazi dakika tano, lakini ninalo kosa moja linaloweza kujaza nusu saa, na ndani ya kosa hilo mna elimu ambayo vijana wa Baiolojia wataifurahia. Akakubali. Mkichoka, mlaumuni yeye.

Leo asubuhi nilifika kabla ya wengi wenu, nikapita nyuma ya bweni kutazama lile shamba la muhogo. Bado lipo. Wenzangu mtakumbuka kwamba enzi zetu hakuna aliyekwenda kule kwa hiari. Ukionekana na jembe nyuma ya bweni, kila mtu alijua umechelewa gwaride. Nimeshika jani changa la juu katika shina moja, nikaligeuza, na wadudu wadogo weupe wakaruka kama unga uliopulizwa. Jani lenyewe lilikuwa na mabaka ya manjano na kijani, na limejikunja upande mmoja. Nilicheka peke yangu, maana mwaka 1996, nikiwa Kidato cha Tatu, niliandika katika daftari kwamba majani ya namna hiyo yameunguzwa na jua, na Mwalimu akanipa alama sifuri.

Ugonjwa huo ni batobato. Katika maandishi ya kitaalamu uliingizwa mara ya kwanza na Mjerumani Otto Warburg mwaka 1894, naye aliuandika kutoka Usambara, milima hiyo hiyo mnayoiona mkisimama kwenye uwanja wa mpira siku isiyo na mawingu. Kwa hiyo, vijana, msidhani elimu hii ni ya mbali. Imeanzia hapo juu.

Sasa huyo mdudu. Tunamwita nzi mweupe, lakini si nzi. Ni jamaa wa vidukari. Urefu wake ni kama milimita moja. Hana meno ya kutafuna, ana sindano, na ndani ya sindano hiyo mna njia mbili: moja ya kushushia mate, nyingine ya kupandishia utomvu. Akitua chini ya jani huichomeka sindano polepole, huipenyeza katikati ya chembe na chembe mpaka afike kwenye mirija inayosafirisha chakula cha mmea. Hapo hunywa. Kama mmea una virusi, anavinywa pamoja na utomvu.

Zamani watu wengi walimdhania mdudu kuwa kama sindano chafu tu: amechoma hapa, akachoma pale, basi. Aliyetuonyesha kwamba mambo si mepesi hivyo alifanya kazi Amani. Kituo cha utafiti cha Amani kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902, na baada yao Waingereza wakakiendeleza. Huko alikuwako Mwingereza Harold Storey, aliyechunguza ugonjwa wa michirizi ya mahindi, ambao huenezwa na kidudu kingine, kile kinachoruka kama kiroboto ukipita katikati ya mahindi. Storey aliona ajabu: baadhi ya vidudu hivyo hunywa kwenye hindi gonjwa siku nyingi na bado haviambukizi kitu. Akavizalisha kwa kuvichanganya, akathibitisha mwaka 1932 kwamba uwezo wa kuambukiza ni jambo la kurithi, kama rangi ya macho. Mwaka uliofuata akafanya jambo ambalo mpaka leo nikilifikiria natikisa kichwa. Alichukua vidudu visivyoambukiza, na kwa sindano nyembamba mno akatoboa utumbo wa kila kimoja. Kumbukeni ukubwa wa kidudu chenyewe. Vilipotobolewa, vikaanza kuambukiza.

Maana yake ni nini? Ni kwamba ukuta wa utumbo ndio lango. Kirusi kikimezwa, hapana budi kivuke ukuta huo, kiingie katika damu ya mdudu, kisafiri mpaka tezi za mate, ndipo kitoke tena na mate kwenda kwenye mmea mwingine. Palipo na lango kuna anayepita na asiyepita.

Batobato ya muhogo hufuata njia hiyo hiyo ndani ya nzi mweupe. Anahitaji kunywa kwenye mmea mgonjwa muda wa saa tatu na nusu hivi, kisha zipite kama saa nane ndipo aweze kuambukiza, lakini akishaiva, dakika kumi za kunywa kwenye mmea mzima zinatosha. Na mzigo huo hubaki naye siku tisa au zaidi.

Muhogo una ugonjwa mwingine wa virusi, na huu ndio ulionipata mimi: michirizi ya kahawia. Huu nao uliandikwa kutoka Amani, na Storey yule yule, mwaka 1936. Nzi mweupe huueneza pia, ingawa ushahidi wa kisayansi ulitolewa baadaye sana, mwaka 2005. Virusi vyake havikai sana kwa mdudu; baada ya siku mbili hivi huwa amekwisha kuvipoteza. Kwa hiyo nzi mweupe hawezi kuupeleka mbali. Atautoa shina hili hadi lile, shamba hili hadi la jirani. Basi nawauliza: ugonjwa ambao mdudu wake hupoteza mzigo ndani ya siku mbili, umevukaje milima?

Nitawaambia ulivyovuka mlima mmoja.

Nilitoka chuo kikuu na shahada ya kilimo mwaka 2004, nikapangiwa kazi katika wilaya ambayo sitaitaja. Mtakumbuka ukame wa 2005 na 2006. Mahindi yalikauka, na tukaagizwa kugawa mbegu ya muhogo vijijini upesi. Nikapewa lori, dereva, vibarua wanne na siku tatu. Tukateremka hadi ukanda wa pwani kwenye shamba moja kubwa, nikalikagua mwenyewe. Nilitembea mistari yote. Kila shina nililitazama majani ya juu, machanga, kwa sababu batobato huonekana huko. Yalikuwa safi, ya kijani, yamenyooka. Nikasema: kateni.

Vijana, sikilizeni vizuri hapa, maana ndipo nilipofeli mtihani ambao hakuna aliyeutunga. Batobato huonekana kwenye majani machanga ya juu. Michirizi ya kahawia huonekana kwenye majani ya chini yaliyokomaa, umanjano ukifuata mishipa ya jani. Na kwa sababu ya ukame ule, majani ya chini yote yalikuwa yamepukutika. Ushahidi ulikuwa umelala chini kwenye vumbi, mimi naukanyaga kwa buti.

Nilikuwa na kiburi kingine. Tulifundishwa kwamba michirizi ya kahawia ni ugonjwa wa nyanda za chini na hausumbui juu ya mita 1000. Kijiji nilichokuwa nakipelekea mbegu kiko juu zaidi ya hapo. Kwa hiyo hata kama pingili moja mbili zingekuwa na ugonjwa, niliona mlima ungeumaliza. Kumbe mwaka 2004, mwaka ule ule nilipovaa joho, ugonjwa ulikuwa umekwisha kuonekana Uganda kwenye mashamba yaliyo juu ya mita 1000. Habari ile haikuwa imenifikia, nami sikuwa nimeitafuta.

Tukagawa lori zima. Wanakijiji walipiga vigelegele. Bibi mmoja mjane, mwenye shamba kando ya njia, alisita. Alikuwa na muhogo wake wa zamani, mchungu, wa kulowekwa. Nikamwambia kwa sauti ya shahada kwamba ule mpya ni mtamu na huiva mapema, ang'oe wa zamani apate nafasi. Aling'oa, isipokuwa mashina machache mpakani.

Baada ya mwaka nilirudi kuandika taarifa ya mavuno. Kwa macho, shamba lilikuwa zuri. Bibi akanikaribisha: "Bwana Shamba, umekuja? Njoo ule muhogo wako." Akang'oa shina, akakata kiazi kimoja kwa panga. Ndani mlikuwa na mabaka ya kahawia, makavu, magumu kama gome. Akakata cha pili. Akakata cha tatu. Hakusema kitu, alikuwa akivipanga chini mbele ya miguu yangu. Kisha akaenda mpakani, akang'oa shina moja la zamani, akakata: jeupe mpaka katikati. Ndipo aliposema, "Huu ulikuwa mchungu, baba, lakini ulikuwa chakula."

Nilirudi ofisini nikamweleza mkubwa wangu wa wakati huo. Akaniambia niandike ukame. Niliandika ukame. Taarifa ile ina sahihi yangu. Mwaka 2008 niliandika barua ya kuisahihisha, nikapeleka nakala kila ilikopaswa kwenda, lakini miaka miwili ilikuwa imepita, na kwa miaka hiyo miwili watu walikuwa wakikata pingili katika shamba lile na kuwapa ndugu zao vijiji vya pili. Nzi mweupe hakuwa na haraka ya kufanya lolote. Kazi ya safari ilifanywa na mimi na dizeli ya serikali.

Baadaye nilirudi vitabuni kuuliza maswali mawili. La kwanza: kwa nini shina lenye ugonjwa lilionekana zima? La pili: kwa nini ule mchungu wa mpakani, uliozungukwa na ugonjwa, ulibaki mweupe?

Mmea haukimbii wala haupigi nzi kofi. Lakini msidhani umekaa tu. Muhogo una sumu, una utomvu mweupe unaonata, na mdudu mtafunaji hupambana navyo mara anapouma. Nzi mweupe, kama nilivyosema, hupitisha sindano katikati ya chembe, kwa hiyo ulinzi mwingi wa mlangoni ameukwepa. Vita halisi hupiganwa ndani.

Kirusi, vijana, ni maagizo tu yaliyofungwa ndani ya koti la protini. Hakina jiko wala karakana yake. Kikiingia ndani ya chembe huilazimisha chembe ikinakili. Katika kunakiliwa huko hutokea nyuzi mbili za RNA zilizoshikana, kitu ambacho katika chembe yenye afya ni nadra kuonekana kwa wingi. Mmea hushtuka. Unayo protini inayofanya kazi kama mkasi. Huzikata nyuzi hizo vipande vidogo vya herufi 21 hadi 24. Kila kipande hukabidhiwa protini nyingine, ambayo huzunguka nacho ndani ya chembe kama askari mwenye picha ya mtu anayetafutwa, na ikikutana na maagizo yanayolingana na picha ile huyakata papo hapo. Zaidi ya hayo, vipande hivyo husafiri kwenda kwenye machipukizi, hivyo jani jipya likizaliwa picha imekwisha kufika. Andrew Hamilton na David Baulcombe, waliokuwa wakifanya kazi Norwich, Uingereza, ndio waliovionyesha vipande hivyo katika mimea mwaka 1999. Lakini dalili yake ilikuwa imeonekana tangu 1928, pale Wingard wa Marekani alipoona tumbaku yenye virusi ikitoa majani ya juu yasiyo na ugonjwa huku ya chini yamejaa mabaka. Miaka 71 ikapita kati ya kuona na kuelewa. Hilo nalo liwatie moyo wale ambao Hesabu zinawachelewesha.

Virusi navyo havikulala. Vingi vina protini ya kumpofusha askari huyo. Mfano mbaya kuliko yote ulitokea jirani zetu Uganda mwishoni mwa miaka ya 1980. Ilizuka batobato kali isiyofanana na ile ya kawaida, ikashuka kuelekea kusini kilomita 20 hadi 30 kila mwaka. Watu wakaacha muhogo, na katika miaka ya 1990 ikafika Kagera. Mwaka 1997 wataalamu walieleza kilichopatikana ndani ya mimea ile: virusi vya aina mbili vya batobato vilikuwa vimekutana ndani ya shina moja, kipande cha kimoja kikaunganika na kingine, na kikazaliwa kirusi kipya. Tena viwili vikikaa pamoja huumiza kuliko kimoja kimoja, kwa sababu kila kimoja kina njia yake ya kuzima ulinzi wa mmea. Askari akifumbwa jicho moja bado anaona. Akifumbwa yote mawili, hapana.

Kuhusu swali langu la kwanza, jibu ni kwamba kuna mmea unaokinza na kuna mmea unaostahimili, nami sikujua tofauti. Unaokinza hukibana kirusi kisienee. Tawi moja huweza kuwa nacho na tawi jingine likawa safi, na pingili ukiikata huko juu huenda ikawa nzima kabisa. Unaostahimili hukiacha kirusi kikae, ila hauonyeshi maumivu. Kwa mkulima aliye nao peke yake si neno, anakula. Kwa bwana shamba mwenye lori, mmea wa namna hiyo ni mtego, maana uso wake ni mzima na mzigo umo ndani.

Na la pili linaturudisha Amani. Kuanzia mwaka 1937 Storey na mwenzake Nichols walianza kuuchanganya muhogo na jamaa yake wa porini, ule mti wa mpira wa Brazil ambao Wajerumani waliupanda sana mkoani kwetu. Mti ule haufai kuliwa, ila una ukinzani. Watoto wa mchanganyiko walirudishwa tena na tena kwa muhogo wa kawaida mpaka viazi vikawa viazi. Mwaka 1956 mbegu kutoka Amani zilipelekwa Nigeria. Katika miaka ya 1970 taasisi ya IITA pale Ibadan ikazijengea juu yake aina mpya, na Uganda ilipokuwa ikizama, aina hizo ndizo zilizogawiwa wakulima na kuuinua tena muhogo. Damu ya Amani ilizunguka Afrika nzima ikarudi nyumbani.

Nyingine haikusafiri hivyo. Katika mashamba ya kusini mwa nchi yetu kuna muhogo uitwao Namikonga, na pwani ya Kenya upo uitwao Kaleso. Ni mmoja, nao ndio ule uliokuwa na namba 46106/27 katika vitabu vya Amani, na ni miongoni mwa inayokinza michirizi ya kahawia vizuri kuliko yote. Namba ilisahauliwa, wakulima wakaubatiza, wakautunza. Simaanishi kwamba muhogo wa yule bibi ulikuwa huo. Ninachosema ni kwamba katika mashamba yetu zimo silaha ambazo hazijaandikwa, na mtu mwenye shahada anaweza kuagiza zing'olewe katika alasiri moja.

Utafiti haujakoma. Mwaka 2022 ilielezwa kwamba ukinzani wa batobato katika baadhi ya mihogo ya Afrika Magharibi unakwenda sambamba na badiliko dogo kwenye jeni ya ile mashine ambayo mmea hutumia kunakili jeni zake wenyewe, mashine ile ile ambayo kirusi huiazima. Ni kana kwamba mwenye nyumba amebadili meno ya ufunguo kidogo tu, yeye anaingia, mwizi anasugua. Kwenye mbegu nako tumesogea: wapo wakulima wanaozalisha pingili kama biashara na kukaguliwa na TOSCI, na majani hupimwa maabara kabla lori halijapakiwa. Mwaka 2006 mimi nilipima kwa macho na kujiamini.

Ndugu Mwenyekiti, naona unatazama saa. Nimalizie ya yule bibi.

Mwaka 2009 tulipata pingili zilizopimwa, nikaomba nizipeleke mwenyewe. Kwanza tulikaa wiki nzima na wanakijiji tunang'oa ya zamani na kuichoma, maana ukipanda mbegu safi kando ya mbegu mgonjwa umempa nzi mweupe mahali pa kwenda. Kisha lori likaja. Bibi alikuwa amekwisha kuwa mtu mzima sana, anatembea kwa fimbo. Hakupiga kigelegele. Alimtuma mjukuu wake apande juu ya lori ashushe mafungu, akaketi kwenye kigoda, akaanza kulichambua moja baada ya jingine. Alikwangua gome kwa ukucha akitafuta michirizi. Aliniuliza majani ya chini ya mashina haya yalikuwaje kabla ya kukatwa, nami nikamweleza, kwa kuwa safari hii nilikuwa nimeyatazama. Mafungu mawili aliyakataa, akasema gome lake halimpendezi. Dereva akaanza kubisha, nikamwonyesha mkono anyamaze.

Yale mawili tuliyachoma pale pale. Mengine akayapokea, na mpakani, kwenye ule mstari wa zamani, hakumruhusu mtu kugusa.